Zéphirin Numbi, Aliyesikiliza Nyimbo za Wengine

Ndugu, majirani wa Cité Albert, na ninyi wanakwaya mliosimama juani: mjane wetu Mama Constance ameniomba mimi, Clément Mulenga, mwipwa wa marehemu, nisome maisha yake. Amenionya nisirefushe, maana marehemu hakupenda maneno mengi.

Zéphirin Numbi alizaliwa Kabalo, kando ya mto Lualaba, mwaka 1903. Aliyemfuata tumboni ni Brigitte, mama yangu. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Mapadri walipombatiza walimpa tarehe 26 Agosti, sikukuu ya mtakatifu wa jina lake, naye akaishikilia kana kwamba aliikumbuka.

Alisoma misheni miaka sita. Huko alijifunza noti kwenye harmoniamu iliyokuwa imekufa sauti tatu, na hizo tatu aliziimba kwa mdomo. Tusidanganyane mbele ya jeneza: katika ujana wake alikuwa mkali. Aliyekosea aliambiwa palepale, wote wakisikia.

Mwaka 1924 alipanda stima hadi Bukama, kisha treni hadi hapa Élisabethville, akaandikwa kazi ya reli. Alibadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli, miaka thelathini na moja, mwishowe akiwa kapita, yaani msimamizi, wa kikosi cha upande wa Kipushi. Jumapili aliongoza kwaya.

Ni kwenye kwaya alikomkuta Constance Mujinga, binti wa watu waliotoka Kasai. Alimwambia mbele ya wenzake kwamba sauti yake inashuka. Constance akakaa mwezi mzima bila kukanyaga mazoezini. Zéphirin alipomfuata nyumbani kwao, alijibiwa hivi: “Kosa yangu uliisikia. Na ile niliimba muzuri, haukuisikia? Basi uko unasikia na sikio moja tu.” Walifunga ndoa tarehe 6 Julai 1929, na tangu hapo hakuna aliyemsikia hata mara moja akitaja kosa la mtu kabla ya kutaja zuri lake.

Vijana tuliojaribu kutunga nyimbo tulimpelekea karatasi zetu baada ya Misa. Alijifunza wimbo wako, kisha akakuimbia wewe uliyeutunga, ukae usikie ulichokifanya. Mara nyingi hiyo ilitosha, ukaomba mwenyewe urudishiwe karatasi ukarekebishe. Kisha alikutajia jambo moja la kubakiza na jambo moja la kurudia. Ukimdai zaidi ya hayo, alikuambia uje Jumapili ijayo.

Mwaka 1951 nilimpelekea wimbo wa maandamano ya Bikira Maria. Niliupenda kupita kiasi, na nilikuwa nimeujaza maneno hadi pembeni. Aliuimba, akasifu mwanzo wake, kisha akanichukua kazini kwake Jumatatu. “Mwipwa, imba,” alisema, “tuinue reli na mwimbo yako.” Mstari wa pili ulikuwa haujaisha, mimi nimeishiwa pumzi na wanaume wameinua kila mtu kwa wakati wake. Kikosi kilicheka. Yeye hakucheka. “Mwanzo iko muzuri sana, usiiguse. Mais bantu batapumua fasi gani?” Nilifuta nusu ya maneno, watu wapate mahali pa kupumua. Wimbo huo ndio tunaoandamana nao hadi leo, na wengi wenu hamkujua kwamba ni wangu.

Ugonjwa wa ini ulimshika Novemba 1956. Alilazwa hospitali mwanzoni mwa Machi. Jumamosi tarehe 9 nilimpelekea Misa niliyoitunga kwa miaka miwili, nyimbo za ibada nzima tangu Kyrie na Gloria, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuthubutu. Nilitaka anisifu tu. Alikuwa amebaki mifupa, na nilifikiri mgonjwa atanihurumia. Aliisoma saa nzima, akaniimbia utangulizi kwa sauti ndogo. Kisha akasema, “Kyrie yako iko na nguvu, iache vile iko. Gloria, urudilie yote. Uliandika juu bantu bakushangae.”

Kuambiwa kwamba niliandika ili watu wanishangae kulinikasirisha. Nilikusanya karatasi zangu nikatoka bila kumuaga, na Mama Constance aliyekuwa mlangoni alinipisha nipite. Jumapili nzima nilikaa na ile Gloria nikitafuta namna ya kumthibitishia kuwa amekosea. Sikuipata. Jumatatu asubuhi nilianza upya, na saa sita mchana nilikwenda hospitali na ukurasa wa kwanza mkononi. Alikuwa ameaga dunia saa nne, tarehe 11 Machi 1957, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Shuka zilikuwa zimekwisha kuondolewa.

Mama Constance ameniambia jambo ambalo ameniruhusu kulisema hapa. Jumapili ile alimgombeza mumewe kwamba amenivunja moyo. Naye alimjibu: “Ule atarudia. Kama singemwamini, ningemwambia iko muzuri.”

Marehemu ameacha mjane, Mama Constance, watoto watatu, André, Jeanne na Edith, wajukuu watano, dada yake Brigitte huko Kasenga, wafanyakazi wenzake wa reli, na kwaya hii.

Mjomba, Jumamosi nilitoka bila kukuaga. Ninakuaga sasa, mbele ya watu wote. Gloria bado sijaimaliza, na sijui nitampelekea nani. Bwana akupe pumziko lenye amani.