Moto wa Buluu wa Lenox Munga

Tangu Jumanne hakuna injini iliyonguruma katika gereji ya Lenox Munga Kaviha pale Chaani. Majirani waliozoea kulalamikia kelele zile sasa hupita kimya. Mkewe, Mueni, hushtuka kila alfajiri kwa kuwa hakuna anayemwamsha.

Lenox alizaliwa tarehe 3 Juni 1969 huko Mtopanga, Kisauni, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kaviha na marehemu Mama Mbeyu. Alisoma hapo hapo Kisauni hadi kidato cha nne. Mdogo wake Elkana, anayeyasoma maneno haya, anakumbuka redio ya baba yao iliyofunguliwa na Lenox mara nyingi kuliko ilivyosikilizwa.

Mwaka wa 1990 aliajiriwa na kiwanda cha mikate Changamwe kutunza matanuri. Tanuri lilipokataa kuwaka, wenzake walikimbilia mafuta. Yeye aliagiza taa zizimwe. Gizani aliitazama cheche ikivujia kwenye ufa wa waya ulioliwa na hewa ya chumvi, akasema, "Mwizi wenu huyu hapa." Mwaka wa 2004 alifungua gereji yake, na humo akapiga marufuku neno moja. Mteja akisema injini imekufa, alimsahihisha: "Imenyamaza. Iliyokufa huzikwa."

Neno hilo hilo, miaka kabla ya gereji, ndilo lililomletea mke. Mwaka wa 1997 Mueni alikuwa akisaga unga Bombolulu, na injini ya kinu ikagoma.

"Mafundi wote wamesema imekufa," alimwambia Lenox alipoitwa.

"Basi mbona hamjakaa matanga?"

Lenox aliifungua plagi, akailaza juu ya chuma, akamwambia Mueni avute kamba. Cheche ilitoka ya njano, dhaifu. Akaisugua masizi, akaukaza mwanya wake, na kamba ilipovutwa tena ikaruka cheche ya buluu.

"Wa buluu ndio moto mzima, dada. Wa njano ni mgonjwa."

"Na wako wewe, fundi, rangi gani?"

"Wangu wa buluu tangu nizaliwe. Muulize mama."

Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1998. Tangu hapo hawakuamkiana kama watu wengine. Mmoja aliuliza, "Una moto?" Mwenzake alijibu, "Wa buluu."

Lenox hakuwahi kulazwa. Tangu Novemba alichoka upesi, akasingizia joto. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, Mueni alimuuliza kama kawaida. Akajibu, "Leo wa njano kidogo, mama." Mueni alicheka, akamfungia chapati zake.

Kabla ya adhuhuri, Ishaka, jirani yake muuza vipuri, alipiga simu. Wallahi, anasema, lile neno la marufuku lilimshinda. "Mama Nyevu, njoo. Lenox amenyamaza."

Mueni alilielewa neno hilo kama linavyoeleweka gerejini. Hakulia. Alipiga pasi shati jeupe la Jumapili, ili mumewe asiende hospitali na nguo za grisi, akalikunja na kutoka mbio. Alimkuta Lenox amelazwa kwenye mkeka, plagi ingali mkononi, na Ishaka amevua kofia.

Daktari alieleza kwamba mapigo ya moyo wake yalikuwa yakirukaruka kwa muda mrefu. Mueni alimuuliza habari ya ile njano, akarudia kuuliza. Daktari akamjibu, "Mama, bila mashine hata mimi nisingejua." Lenox, aliyetambua pikipiki inayokosa moto ikiwa ingali barabarani, naye hakuusikia moyo wake mwenyewe. Sisi wa nyumba hii bado hatujaamini. Tunaomba Mueni asiachwe peke yake na jibu lile la asubuhi.

Ameacha mjane, Mueni. Watoto wake, Nyevu na Mwaro. Mdogo wake, Elkana. Na mjukuu mmoja aliyepewa jina lake. Mwenyezi Mungu amlaze pema, ndugu yetu, apumzike.

Yuko hapa mbele yetu, katika jeneza, ubavuni mwa kaburi la mama yake. Amevaa lile shati jeupe.