Mama Taratibu na Somo la Kumi na Mbili

Saa kumi jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni, fundi wetu wa mashine za santuri atakabidhi funguo za Chumba Namba Tisa na kutoka getini akiwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia redio hii kwa miaka thelathini na nne na miezi miwili. Jina lake la kwenye karatasi za mshahara wengi wenu hamlijui, na hata mimi ilibidi niulize ofisi ya utumishi. Hapa kazini ni Mama Taratibu, kwa sababu ndilo neno analomwambia kila anayeingia chumbani kwake kwa kishindo. Kishindo huirusha sindano, na sindano ikiruka huacha mkwaruzo ambao hakuna fundi wa kuufuta.

Kamati ya sherehe imeniomba niuandike wasifu huu kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Lakini niseme mapema kwamba naandika nikiogopa, maana mimi, mtunza maktaba ya sauti, ndiye ninayeachiwa funguo hizo.

Mama Taratibu hakuajiriwa kuwa fundi. Aliajiriwa kufagia. Kwa miaka saba alipiga deki korido zetu, akapangusa meza za watangazaji na kumwaga majivu ya sigara zao, enzi ambazo mtu alivuta sigara mbele ya maikrofoni na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka wa saba kanda zilishika usukani, na ikatolewa amri kwamba mashine zote za santuri zitupwe uani, zichukuliwe na mnunuzi wa vyuma chakavu. Zilikuwa kumi na moja. Mbili kati ya hizo zilikuwa kubwa kama meza ya kulia chakula cha watu wawili, zenye sahani pana na mkono mrefu. Aliyepewa kazi ya kuzitoa ni mfagiaji.

Hakuzitoa. Alizisukuma moja moja mpaka kwenye stoo ya mifagio chini ya ngazi, akazifunika kwa magunia na ndoo. Amenieleza mara nyingi kwamba hakuwa na mpango wowote. Aliona tu vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu wenye akili vinakwenda kupondwa kwa nyundo, roho ikamuuma. Roho ilipokwisha kuuma, woga ukaanza. Aliyekaidi amri ya wakubwa alikuwa mtu wa kufukuzwa siku hiyohiyo, naye alikuwa na watoto watatu na mume aliyeugua mgongo. Kwa miaka minane kila aliposikia viatu vya afisa stoo vikishuka ngazi, alikimbilia mlango wa stoo na kuanza kuufuta.

Siku moja afisa huyo alikuja kweli, tena na wakubwa wawili waliotaka kukagua jengo. Mama Taratibu hakuwa na pa kukimbilia. Alitandika kitambaa cheupe juu ya mashine kubwa, akapanga thermosi na vikombe, akawakaribisha chai. Wakubwa wakanywa, wakasifu usafi wa stoo, wakaenda zao. Mashine waliyoagiza itupwe iliwabebea sukari, na mfagiaji wetu akatapika mara tu walipopinda kona.

Ufundi aliupata kwa shemeji yake, kaka wa mumewe, aliyekuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Mama Taratibu alichukua kipuri kimoja kila jioni kumpelekea, akakifukia mkobani chini ya vitunguu, akapita mbele ya mlinzi wa getini aliyekuwa na tabia ya kupekua. Asubuhi alikirudisha kikiwa kimesafishwa na kupakwa mafuta. Mikanda ya mota iliyokauka aliikata upya kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kwa wembe, na kama unene ulipishana hata kidogo aliitupa na kukata mingine. Mwendo wa sahani aliupima kwa kubandika kipande cha karatasi ukingoni na kuhesabu raundi huku akitazama saa ya ukutani. Raundi mia kwa dakika tatu, bila kupungua wala kuzidi. Mlinzi hakuwahi kuvifikia vitunguu, lakini Mama Taratibu anasema hakuna jioni aliyopita pale bila kuhesabu hatua za kufika barabarani.

Mwaka wake wa kumi na tano redio ilitaka kuadhimisha siku ya kuanzishwa kwake kwa kurusha sauti za zamani. Santuri zilikuwepo, kwa sababu aliyeamuru mashine zitupwe alisahau kuamuru na santuri. Kilichokosekana ni kitu cha kuzichezea. Wakuu waliitisha mkutano wa wafanyakazi wote, wakauliza kama kuna mwenye wazo. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mfagiaji akanyoosha mkono. Waliokuwepo wanasimulia kwamba alisema mashine zipo, zinafanya kazi, ziko chini ya ngazi, na kama ni kufukuzwa basi aombwe radhi mumewe kwanza. Ukumbi ulicheka mpaka mkurugenzi akalazimika kugonga meza. Badala ya barua ya kufukuzwa akapewa barua ya cheo kipya na Chumba Namba Tisa. Saba kati ya zile kumi na moja aliziponya kabisa, na nne zilizobaki zimekuwa zikitoa vipuri hadi leo.

Laiti wasifu ungeishia hapo, kamati ingefurahi. Lakini yeye mwenyewe ameniomba niandike na lile kosa, na ameahidi kutokuja kwenye sherehe nikiliruka.

Miongoni mwa santuri zetu zimo zile tunazoziita laini. Hazikutoka kiwandani. Zilichongwa hapahapa studio, ni bati jembamba lililopakwa utando mweusi wa lakiri tunaouita ngozi, na kila moja ipo peke yake duniani. Ni pana mno, mashine ya nyumbani haiwezi kuzibeba. Na kila ukiicheza unaipunguza. Mwaka wake wa kumi na tisa, akiwa amechoka, Mama Taratibu alisafisha sindano kwa kitambaa chenye spiriti kama alivyofanya kila siku, kisha kwa mazoea ya mtu aliyefagia miaka mingi, akaona vumbi juu ya santuri laini na kulipangusa kwa kitambaa kilekile. Spiriti huyeyusha ngozi ile. Alipoinua mkono kitambaa kilikuwa cheusi na santuri ilikuwa bati tupu upande mzima.

Lilikuwa somo la kumi na tatu la hesabu kwa shule za msingi. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuirudisha rafuni na kunyamaza. Alifungua daftari la chumba akaandika kwa kalamu ya wino: Leo nimeua somo la kumi na tatu, kwa mkono wangu, kwa uzembe. Akatia sahihi.

Mwalimu aliyekuwa akifundisha kwenye santuri ile alikuwa baba yangu. Alifariki nikiwa na miaka minne, na sikumbuki sauti yake hata kidogo. Nilipoajiriwa hapa, miaka kumi na miwili iliyopita, Mama Taratibu aliliona jina la ukoo wetu kwenye orodha ya wageni wa kazi, na kuanzia siku hiyo akawa ananikimbia. Nikipanda ngazi, yeye anashuka. Nikiingia kantini, anaacha chai ikifuka moshi na kuondoka. Nilidhani nimemkosea adabu, nikawauliza wenzangu nikamwombe radhi kwa lipi. Mwaka wa tatu akaja mezani kwangu na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kitambaa kilichokauka, chenye baka jeusi. Akasema, “Mwanangu, baba yako yumo humu.”

Nilikasirika. Sitaipamba habari hiyo. Sikumsemesha kwa wiki sita, na kitambaa kile nilikiacha mlangoni kwake. Kilichonirudisha kwake ni taarifa kwamba ipo santuri moja tu iliyobaki yenye sauti ya baba, somo la kumi na mbili, na kwamba nayo inakufa. Ngozi yake ilikuwa imeanza kubanduka ukingoni kwa upana wa vidole viwili. Alinionyesha bila kuigusa, mikono ameificha nyuma. Akasema itacheza mara moja tu, na kwamba yeye hathubutu kuicheza. Tangu siku ya spiriti amenakili santuri laini mia moja na arobaini kwenye kompyuta bila kuharibu hata moja, lakini hiyo aliiogopa. Na mimi niliiogopa. Ikiwa rafuni baba yangu alikuwa bado ana sauti, ikianza kuzunguka ningeweza kubaki na bati la pili. Basi kila mwaka tulisema mwakani, na miaka tisa ikapita hivyo.

Tarehe ya kustaafu ndiyo iliyotukaba shingo. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, tulivua viatu. Alizima feni ili upepo usiinue ngozi. Alimwomba mtu wa jenereta akae tayari na akamwomba jirani yetu wa chumba cha habari asifunge mlango kwa nguvu. Kisha akaniambia nishushe sindano mimi. Nilikataa. Akasema kuanzia Julai hakuna mwingine, akaweka kiganja chake chini ya mkono wangu, na tukaishusha pamoja.

Santuri hizi huanzia katikati na kwenda nje, kwa hiyo tulijua hatari inatungoja mwishoni. Baba alikohoa kwanza. Halafu akasema, “Watoto, hamjambo?” Nilikuwa nimemjengea sauti nzito miaka yote hiyo, kumbe ni nyembamba, ya mtu mwenye haraka, na herufi zake za mwisho anazimeza kama ninavyozimeza mimi. Nililia na kufurahi kwa pamoja, na muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye ule ukingo. Kila raundi iliisogeza sindano karibu nao. Nilikuwa namsikia baba yangu kwa mara ya kwanza na kumwogopea kana kwamba anaelekea barabarani bila kutazama.

Dakika ya kumi na moja ngozi ilianza kuinuka. Mama Taratibu alichukua brashi ndogo ya rangi ya kucha, aliyoiosha kwa ajili hiyo, na kila raundi akawa anaulaza mdomo wa ngozi sekunde moja kabla sindano haijafika. Analaza, sindano inapita, analaza tena. Angechelewa mara moja, basi. Hakupepesa macho, na sidhani kama alipumua. Baba akawaambia watoto waandike maswali matano ya zoezi, na kwamba majibu atawapa kipindi kijacho. Mkono wa Mama Taratibu ulisita kidogo pale, kwa sababu sote wawili tulijua kipindi kijacho kiko wapi. Kisha ukaendelea. Swali la kwanza likapita, la pili, la tatu, la nne. La tano lilihusu tanki la maji lenye mabomba mawili. La kwanza hulijaza kwa saa sita, la pili hulijaza kwa saa... Ngozi ikakunjuka kama ganda la kitunguu. Aliunyanyua mkono wa mashine kabla sindano haijagusa bati.

Tulikaa sakafuni bila viatu. Akaniomba msamaha, si wa somo la kumi na mbili, bali wa lile jingine, na kwa mara ya kwanza nilimjibu kwamba nimemsamehe na nikawa namaanisha. Halafu akachana karatasi katikati ya daftari la chumba, tukafanya zoezi la baba yangu. Kwenye swali la pili alinishinda. La nne tulipata jibu moja. La tano halina namba yake, na hakuna redio wala mtu atakayetupatia, lakini yeye anashikilia kwamba ni saa tatu, ili mabomba yote mawili yajaze tanki kwa saa mbili kamili, maana mwalimu mzuri hawapi watoto hesabu chafu. Mimi nasema ni saa kumi na mbili, linajaa kwa saa nne, nayo si chafu.

Nakala ipo kwenye kompyuta, dakika kumi na nne na sekunde hamsini. Rafuni zimebaki santuri laini hamsini na nane ambazo hazijanakiliwa, nyingine zimeshaanza kubanduka, na kila moja ni baba au mama wa mtu. Nilimwambia naogopa. Hakunipoza. Alisema siku nitakayoacha kuogopa ndiyo siku nitakayoshika kitambaa cha spiriti.

Mama Taratibu, kwa niaba ya redio nzima, ahsante kwa mashine ulizozikataza kufa na kwa daftari uliloliandika bila kujificha. Tunakuombea afya, wajukuu wasiokanyaga kwa kishindo, na usingizi usiosikia viatu vya mtu yeyote ngazini. Jumatatu asubuhi nitafungua chumba peke yangu, nitazima feni, nitavua viatu. Usibadilishe namba ya simu. Na jibu ni kumi na mbili.