Fomu Namba Arobaini

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, kwa hiyo anayekaa upande wa tofali hukaa kwa adabu. Liko ukutani, hatua ishirini tu kutoka lango la ofisi ya maji, na mwenye kona ni mimi fundi viatu, ingawa hakuna anayenikubalia. Saa nne asubuhi Mama Chupa hutua chupa zake mbili za kahawa, na wenyewe hujileta: Jenerali, mlinzi wa lango, aliyejipandisha cheo mwenyewe, Breki, dereva wa lori la mabomba, anayeitwa hivyo kwa sababu hana habari nazo, na Mihuri, karani wa masjala, mwenye wino vidoleni na ufunguo wa stoo ya karatasi shingoni. Siku hiyo Mihuri alikuja na barua mkononi na hakusalimia mtu. Ilinitisha, maana yule husalimia hata viatu vibovu nilivyovipanga chini.

— Mama Chupa, nipe kahawa chungu, akasema. Kwangu kumenuka.

— Umefiwa? akauliza Mama Chupa.

— Afadhali ningefiwa.

— Wewe! Tema mate chini!

Mihuri akatema, akatusomea barua. Ilitoka kwa profesa mmoja wa saikolojia, mama aliyepita ofisini kwao miaka kumi na mitano iliyopita akiwa na fomu arobaini za kuwauliza watu kazi inawaelemea kiasi gani. Maisha yake yote utafiti wake ndio huo, msongo wa kazini na afya ya wafanyakazi. Sasa anastaafu, na kabla hajafunga mafaili anakuja, leo hii, kumtafuta mtu mmoja tu: aliyejaza fomu namba arobaini.

— Sasa tatizo liko wapi? akauliza Breki. Si aje amwone?

— Nilijaza mimi.

— Basi mwambie ni wewe, yaishe.

— Nilijaza zote, Breki.

— Zote zipi?

— Arobaini.

Breki alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Mihuri akangoja amalize kujifuta.

— Cheka tu. Wiki ile bomba kuu lilipasuka, kwenye dirisha la malalamiko watu wananitukana kwa foleni. Mkuu wa utawala akanitupia fomu mezani: gawa, kusanya, saa nane nizikute. Nikapita kila meza. Kila mtu, "Mihuri, nina kazi hapa, nijazie." Watu wamechoka hata nafasi ya kuandika kwamba wamechoka hawana!

— Mimi sikukuambia unijazie, akasema Breki.

— Wewe ulikuwa chini ya lori. Ulinipungia mguu.

— Na ukanipa ngapi?

— Tatu. Wote niliwapa tatu. Moja maana yake huchoki, tano maana yake umekwisha. Tatu haimuudhi Mkuu, wala haimshtui profesa.

— Jenerali mzima, tatu? akang'aka Jenerali. Swali la kumi lilisemaje?

— "Je, huwa unajificha kazini ukalia?"

— Ukanijazia?

— Tatu.

— Yaani mimi nalia nusu nusu!

Tulicheka, lakini Mihuri hakucheka. Amebakiza miezi minane astaafu. Mkewe ameshalima bustani ya kumpokelea, na mwanamume mwenyewe ameshanunua kofia ya kukaa nayo humo. Sasa nakala ya barua ilikuwa imefika pia kwa Mkuu, na Mkuu, aliyeshaanza kunusa mchezo, amesema aliyezichezea fomu zile atajieleza mbele ya kamati. Kwa kosa kama hilo mtu hutolewa langoni na boksi mkononi, na Jenerali ndiye angelazimika kulipekua boksi lenyewe. Nikakigonga kisigino cha watu mpaka msumari ukapinda.

— Sikilizeni, akasema Jenerali, akishusha sauti. Huyo si profesa. Mtu gani anasoma uchovu wa wenzake miaka yote hiyo? Huyo anatafuta wanaotaka kugoma. Ukijaza tano, jina lako linapelekwa juu.

— Fomu hazikuwa na majina, akasema Mihuri.

— Ndio ujanja wenyewe huo! Ukiona hawakuulizi jina, ujue wanalo.

— Acha zako, akasema Breki. Mimi nimesikia wana panya. Wanachukua majibu yetu, wanawapa panya maisha kama yetu, waone nani atakufa kwanza. Kuna panya huko ana dirisha la malalamiko.

— Na panya dereva? nikamuuliza.

— Huyo yuko chini ya lori, anapunga mguu.

— Zamani watu walikuwa wanachoka tu, wanalala, akasema Mama Chupa. Mtu akakaa akaupa uchovu jina, leo una profesa. Kesho utaomba likizo.

— Hamjaliona kubwa, akasema Jenerali, sasa amesimama kabisa. Mama wa watu kapanda cheo juu ya tatu za Mihuri! Dunia nzima inaamini binadamu wa kawaida ni tatu. Kuna watu huko mbali wameongezewa zamu, wameambiwa vumilieni, mbona watu wa ofisi ya maji ni tatu tu!

— Jamani, akasema Mihuri, amejishika kichwa. Jamani.

— Tuseme fomu alijaza Breki, nikapendekeza.

— Mimi? Hata saini yangu ni mstari! Tena haujanyooka.

Hapo ndipo nikaona viatu. Mimi watu huwaona viatu kwanza. Vilikuwa vya ngozi, vyeusi, safi, kisigino cha kulia kimeliwa chote: mtu anayebeba begi zito upande mmoja kwa miaka mingi. Nikainua macho, nikamwona mama mfupi mwenye mvi.

— Naweza kupumzika hapa? Nilitaka kupanda ofisini, miguu imekataa.

Tukampa upande wa tofali, maana ndio uliokuwa wazi. Akaomba kahawa, akanywa funda moja, akasema yeye ndiye mwenye fomu.

— Shikamoo, tukamwamkia wote kwa pamoja kama darasa la kwanza.

— Marahaba. Nimewasikia tangu kwenye panya.

Jenerali akakaa.

— Zile thelathini na tisa nilizitupa jioni ileile, akasema profesa. Kalamu moja, mkono mmoja, duara za kupendeza. Mtu aliyechoka hachori duara nzuri vile. Lakini ya arobaini, huyo mtu alisahau kudanganya. Kaweka tano kila mahali, kalamu imetoboa karatasi. Na nyuma kaandika: "Kila asubuhi naingia stoo ya karatasi, nafunga mlango, nakaa juu ya boksi dakika kumi. Bila hivyo siwezi kufika dirishani."

Hakuna aliyemtazama Mihuri. Tulivitazama vikombe vyetu.

— Nimefundisha miaka yote hii nikianzia kwenye boksi hilo. Ziko ofisi zimetenga chumba cha kupumzikia kwa sababu yake. Sikuja kumshtaki mtu, na Mkuu wenu nimemwambia jana kwa simu: ile kamati aifute, fomu ni zangu, na kosa la kuzileta wiki mbaya ni langu. Nina swali moja. Huyo mtu, siku hizi bado hukaa stoo?

Swali jepesi hilo. Breki alikuwa anasugua usukani usiokuwepo. Yeye hukaa ndani ya lori kila asubuhi, injini imezimwa, nami siku zote nilidhani anasikiliza redio. Jenerali aliinamia kofia yake.

Mwishowe Mihuri akaushika ule ufunguo shingoni.

— Hapana, mama. Ameacha.

— Amepata nafuu?

— Amekosa nafasi. Mkuu alichonga ufunguo wake mwaka jana. Siku hizi nikifika nakuta kajifungia.

— Mkuu huyu huyu? Breki akaropoka. Anafanya nini humo?

— Swali la kumi.

Jenerali ndiye aliyeuliza, polepole.

— Tatu?

— Tano, akasema Mihuri.

Mama Chupa akainamisha chupa ya pili, akaitikisa, ikatoka kahawa ya kikombe kimoja. Breki akanyoosha mkono kama kawaida yake. Mama Chupa akaupiga kofi, akampa Mihuri kikombe.

— Hiyo ndiyo ya mwisho, akasema. Mpelekee Mkuu wako kabla haijapoa.

Jenerali akakimbia kumfungulia lango. Mihuri akapita taratibu, kikombe mikono miwili, kahawa isimwagike.