Mwalimu Aliyefunga Madirisha ili Watoto Waone

Marehemu dada yetu tunayemzika leo alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa nne na wa mwisho wa fundi saa na mshona nguo. Mimi ndiye wa kwanza, ndiyo maana karatasi hii ya wasifu imenifikia, ingawa elimu yangu ni ya kuungaunga. Alipokuwa na miaka sita alifungua saa ya mteja ili aone kinacholia ndani. Baba hakumpiga. Alimwambia tu, "Umeifungua mwenyewe, haya ifunge." Ilimchukua siku mbili, na saa ikawa inakimbia dakika kumi mbele. Yule mteja alishukuru, akasema tangu hapo hakuchelewa tena kazini. Lakini naona nimeshatoka njiani, nirudi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975, akamaliza sekondari 1987, kisha chuo cha ualimu hadi 1990, masomo ya kemia na biolojia. Miaka yote ile ya sekondari hakuwahi kushika chupa ya maabara; alichorewa ubaoni. Alikuwa akiniambia, "Kaka, mimi nilifaulu kemia kama mtu anayejifunza kuogelea kwa barua."

Alianza kufundisha tarehe 7 Januari 1991, na shule ile moja ndiyo iliyomchukua hadi mwisho. Tarehe 16 Desemba 1995 aliolewa na shemeji yetu huyu, fundi rangi, wakajaliwa mabinti wawili.

Maabara ya shule ilikuwa chumba kimoja chenye seti moja ya vyombo kwa wanafunzi sabini. Walio mbele waliona, walio nyuma walisimuliwa. Mwaka 2013 marehemu alinunua simu yenye kamera, akatengeneza sanduku la mbao lenye lenzi na kioo, ili kinachotokea ndani ya chupa kionekane ukutani, kikubwa kama mlango. Shemeji akapaka ukuta ule rangi nyeupe. Siku ya kwanza aliweka chini ya kamera kitu alichokiokota kwenye kola ya mwanafunzi, na ukutani akatokea chawa mkubwa kama mbuzi. Darasa lilikimbilia nje. Mmoja aliuliza mlangoni, "Mwalimu, huyo ni wa nani?" Akajibu, "Ni wa shule, rudini mkae."

Tabu ya sanduku lile ilikuwa moja: lilitaka giza. Basi alifunga madirisha, akatundika na mablanketi. Wanafunzi aliwakalisha upande wa mlango, yeye akasimama juu ya chupa, na moshi wa dawa za maabara ukawa wake. Tulimwambia arekodi tu. Alikataa. "Wakitazama yaliyorekodiwa wanadhani ni sinema," alisema. "Nataka waone ninavyokosea."

Tarehe 9 Februari 2018 shule ililetewa vishikwambi arobaini, zile simu pana kama sahani. Kwa hivyo, kila wawili wangeona picha ya kamera kwenye kioo chao, mchana kweupe, madirisha wazi. Vikafungiwa stoo vikimsubiri mgeni rasmi. Marehemu alikwenda kuomba ufunguo. Mkuu wa shule akamwambia, "Mwalimu, tukivitoa sasa, mgeni atazindua nini?"

"Mzindulisheni mlango," alisema marehemu.

Hakupewa. Aliomba kila muhula, miaka sita. Mgeni alikuwa anakuja, halafu haji.

Kikohozi kilianza 2020. Daktari alimuuliza kama anafanya kazi kiwandani. Akasema hapana, anafundisha. Daktari akamwambia mapafu yake hayasemi hivyo. Alipunguziwa vipindi, akaendelea kuvifundisha vyote. Alilazwa tarehe 27 Mei mwaka huu wa 2024, akafariki Jumanne, tarehe 11 Juni, saa tisa alasiri, binti yake mkubwa akiwa amemshika mkono.

Juzi stoo ilifunguliwa, ili vishikwambi vizinduliwe kwa heshima yake. Betri zilikuwa zimevimba, vioo vimebanduka, na hata kimoja hakikuwaka. Mkuu wa shule alikuja nyumbani akaniomba, kwa adabu kabisa, "Mzee, hilo tusiliandike, si mahali pake." Nimefikiri sana, nikaona mahali pake ni hapa. Mkuu yupo mstari wa mbele. Kiti nimempa mwenyewe, kwa kuwa ni mgeni wetu.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, sisi ndugu zake watatu, na wanafunzi sitini na wanane wa kidato cha nne. Hao mtihani wao wa vitendo ni mwezi wa kumi na moja, na majaribio manne hawajayaona. Wamesimama pale nyuma. Jana waliniuliza nani atawaonyesha.

Apumzike kwa amani, hiyo ambayo sisi leo hatunayo.