Mwalimu wa Darasa la Tatu na Nukta za Bibi Yake

"Usifute," bibi alisema. "Nimekuona."

"Sijafuta kitu, mama."

"Mistari ilikuwa saba, sasa mitano. Kusoma sijui, lakini kuhesabu hakuna aliyenifundisha na hakuna atakayeninyang'anya."

Mjomba wa marehemu, karani mstaafu, aliondoa vidole kwenye kompyuta akavua miwani. Alisema wasifu una utaratibu wake: mtu amezaliwa, amesoma, amefanya kazi, ameoa au ameolewa, ameugua, amefariki, basi. Hayo mambo ya nukta hayana nafasi hapa, watu watatucheka msibani. Bibi akamjibu kwamba wasipoyasikia siku ya mazishi, watoto wa darasa la tatu watamngoja mwalimu wao mpaka waote ndevu, wavulana kwa wasichana. "Andika yote, au inuka nimwite mwingine." Mjomba akavaa miwani, akaandika. Ndiyo haya.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1989, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha pili cha nyumba hii, mvua ikidondoka kwenye ndoo tatu. Cheti kinasema tarehe 16, kwa kuwa ndiyo siku mjomba alipopata wasaa wa kwenda kumwandikisha. Alikuwa mtoto pekee wa binti mkubwa wa bibi. Alitoka tumboni kidole kimenyooka, akamwelekezea mkunga, na mkunga yule, mtu wa miaka thelathini kazini, akaomba radhi bila kujua amekosea wapi. Mjomba hapa alikohoa. Bibi alimuuliza kama alikuwepo chumbani. Hakuwepo. Mama wa marehemu alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Baba yake alikwenda kutafuta kazi, na hadi leo anaitafuta. Bibi akamlea, wakalala kitanda kimoja, wakaitana mke mwenza kama ilivyo kwa bibi na mjukuu wake, wakigombania shuka.

Mwaka 1996 alianza masomo katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 2002. Kiingereza alikitoa redioni. Alikuwa akisimama mbele ya redio mikono kiunoni, akigombana na msomaji wa habari, na msomaji akijikwaa, yeye humsahihisha. Kasuku wa jirani aliyekuwa akisikiliza dirishani alijua kuhesabu hadi ishirini kwa Kiingereza, na angefika mbali kuliko mjomba kama paka asingemkatizia masomo. Sekondari aliisoma bweni, likizo akirudi amekonda na amejaa maneno. Mwaka 2011 alihitimu chuo cha ualimu. Siku ile alimvalisha bibi kofia ile ya pembe nne, na bibi akatembea nayo mtaani kutwa nzima, akiitika kila aliyemwita profesa.

Jumatatu tarehe 2 Januari 2012 aliripoti kazini, akapewa darasa la tatu na Kiingereza cha watoto wadogo, na hapo ndipo alipobaki hadi mwisho. Miaka minane alifundisha kwa chaki. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya maradhi yale, watoto wakakaa majumbani wakisahau hata salamu, naye akajifunza jambo jipya kwenye simu alizokuwa akizitengeneza mumewe: ukurasa wa pamoja. Ni karatasi isiyo karatasi, iko mtandaoni, na hata watu ishirini wanaweza kuiandika kwa wakati mmoja, kila mtu mahali pake. Bibi alipoelezwa alisema huo ni uchawi wa mchana. Shule ilipopata vishikwambi kumi na vinne, aliwapanga watoto arobaini na wawili watatu watatu, kila watatu na rangi yao. Wa kijani wakiandika sentensi, wa bluu wanaiona inavyoota herufi kwa herufi, nao wanaiongezea ya kwao. Hadithi moja ya ng'ombe aliyekataa kuvuka barabara iliandikwa muhula mzima, na kila mwaka darasa jipya likaipokea na kuiendeleza. Sheria ilikuwa moja: usifute cha mwenzako. Ukiona kosa, mwandikie pembeni kwa adabu. Mtoto mmoja ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani, wenzake wakimwita Bubu, ndiye aliyeandika kwamba ng'ombe hakuwa mkaidi, alikuwa amechoka. Wengine thelathini na wanane wakabadili hadithi nzima kumfuata yeye. Watatu walikataa. Siku ile marehemu alirudi nyumbani akala amesimama, kwa furaha.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Juni 2014, na fundi simu wa kibanda kilicho mkabala na kituo cha afya. Alimpelekea simu isiyotoa sauti. Fundi akaitengeneza, na kesho yake ikaharibika tena, na keshokutwa. Simu hiyo iliharibika mara saba kwa mwezi mmoja, na bibi alipoishika yeye ilikuwa nzima kuliko kengele. "Huyu mume wetu," bibi alimwambia mjukuu wake, "ama hajui kazi, ama anaijua sana." Mungu hakuwajalia mtoto. Mimba mbili ziliingia na kutoka, na juu ya hilo hatuongezi neno.

Mwezi wa pili mwaka 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Hospitali ikasema ni figo. Tangu hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa kwenye kiti kirefu, sindano mbili mkono wa kulia, damu yake ikitoka kwenda kuoshwa na mashine na kurudi, kwa muda wa saa nne nzima. Saa hizo ndizo zilizokuwa za kipindi chake. Basi aliweka kishikwambi kwenye paja, akafundisha kwa mkono wa kushoto. Darasani anasimama mwalimu wa zamu kuzuia fujo tu. Mwalimu mwenyewe yuko ukurasani, rangi yake nyekundu. Bibi alikuwa akikaa naye pembeni kwenye stuli, akitazama rangi zinavyokimbizana.

"Mke mwenza, huyu wa njano mbona amesimama?"

"Ananingoja nimsome, bibi."

"Msome basi, asije akaota mizizi."

Kadiri miezi ilivyokwenda, kuandika kulimshinda. Akapatana na watoto hivi: siku nikiwa nimechoka, nitaweka nukta tu mwisho wa sentensi yako. Nukta nyekundu maana yake nimesoma, ni sawa, endelea. Wasiweke nukta wenyewe, wamwachie yeye. Ikawa ndiyo mazoea. Mtoto anaandika, anafika mwisho, anasimama, kijimstari chake cha kuandikia kinapepesa. Nukta. Anakimbia kwenda kwenye sentensi nyingine. Miezi minne ya mwisho darasa hilo lilifundishwa kwa nukta. Ndugu walizungumza habari ya kupandikiza figo, wakapimwa watano, hakuna iliyofanana na yake. Bibi alitaka atolewe ya kwake. Daktari akamwambia figo ya miaka themanini na moja nayo inangoja msaada.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye kiti kile kile, kipindi kikiendelea. Alisema anasikia baridi. Mashine ikalia, wakaja watu wengi wenye viatu visivyo na sauti, bibi akatolewa nje. Baada ya muda muuguzi akamletea mfuko: gauni, viatu, miwani, na kishikwambi bado kinawaka.

Sasa hili ndilo ambalo mjomba alikuwa akilifuta. Bibi alikaa kwenye benchi la ukumbini, chini ya saa ya ukutani, kumngoja mume wetu afike. Kishikwambi mapajani. Mle ndani watoto walikuwa bado wanaandika. Kijani amefika mwisho amesimama. Bluu amesimama. Njano amesimama. Vijimstari vinapepesa, hakuna wa kuwaruhusu. Bibi alikijua kile kitufe, kile kidogo cha chini jirani na kile kirefu, maana alikiona kikibonyezwa miezi minne. Akagusa mwisho wa sentensi ya kijani, akakibonyeza. Kijani akakimbia. Bibi akaona afadhali kitu kimoja duniani kinaendelea. Akabonyeza cha pili, na cha tatu. Siku ile aliweka nukta tisa.

Alhamisi watoto walikuwa na jaribio, wakalimaliza mapema, wakapewa vishikwambi. Bibi akafungua kishikwambi, maana ile alama ya kukifungulia huchorwa kwa kidole kama jembe na jembe analijua. Akawakuta wanangoja. Ijumaa vivyo hivyo. Hakumwambia mtu. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa kupanga viti, naye alikuwa amejifungia chumba cha pili, anapitisha kazi za Kiingereza.

Mwalimu mkuu alikuwa amepata habari za msiba tangu Jumatano jioni, akaona watoto wamalize kwanza jaribio lao. Ijumaa saa sita aliingia darasa la tatu, akafunga mlango, akawaambia kwa upole. Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mikono ikainuka. "Si kweli, mwalimu. Ameweka nukta leo." Wakamletea kishikwambi. Nukta nyekundu, mbichi, za saa nne asubuhi ile ile. Mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikaa kwenye dawati la mtoto, miguu ikamtoka upande mmoja.

Alikuja hapa nyumbani alasiri hiyo. Bibi hakumzungusha, aliinua kidole tu. Ndipo mjomba alipoombwa awasomee wote kile watoto walichokuwa wameandika, naye akasoma bila kuinua macho, akigeuza Kiingereza kwa Kiswahili. Ng'ombe amevuka barabara. Nukta. Mwalimu, tulikuombea. Nukta. Mwalimu, umepona? Nukta. Utarudi Jumatatu?

"Hiyo ya Jumatatu," bibi aliuliza, "niliweka?"

"Uliweka, mama."

"Moja?"

"Mbili. Waliuliza mara mbili."

Hakuna aliyemgombeza. Ingekuwa afadhali wangemgombeza. Mwalimu mkuu alieleza kwamba amewaandikia watoto ukurasani kwa jina lake, akarudia maneno yote ya msiba, nao wakamjibu pembeni kwa adabu, kama walivyofundishwa, kwamba wanamngoja mwalimu mwenyewe aweke nukta. Akasema pia kwamba vishikwambi vitafungiwa kabatini ofisini hadi apatikane mwalimu mwingine anayevijua. Bibi ameishi miaka themanini na moja na hajaona kabati la ofisi likirudisha kitu. La kuvunda halina ubani. Hakuna wa kukaa kwenye nafasi yake, na hatutadanganyana hapa kaburini kwamba yupo.

Marehemu ameacha mume, bibi, mjomba, na watoto arobaini na wawili. Juu ya hawa wa mwisho nako kulizuka ugomvi, Jumapili hii mchana, sebuleni, viti vya kukodi vimeegemezwa ukutani.

"Wanafunzi hawahesabiwi kwenye wafiwa," mjomba alisema.

"Hesabu. Arobaini na wawili."

"Mama, hao hata hawajui kama wamefiwa! Nani atawaambia? Mkuu wao kawaambia hawakusadiki."

Mume wa marehemu, ambaye tangu Jumatano alikuwa hajasema sentensi nzima, alisema, "Mimi siwezi."

"Nitawaambia mimi," bibi akasema. "Kesho mazishini watakaa pale mbele. Nitasimama, niwaonyeshe kidole, niseme nukta zilikuwa zangu."

Mjomba akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Wewe? Mtaa mzima huu kuna mtoto gani anayekuamini wewe? Juzi tu umewaambia jino lako lilichukuliwa na ndege akajengea mlango. Ukisimama pale useme mwalimu wao amekufa na aliyeandika ni wewe usiyejua kusoma, watakupigia makofi. Watasema, bibi, tupe nyingine."

Bibi akasogeza kiti chake karibu na kompyuta. Ndiyo maana anataka iandikwe na mjomba, kwa mkono wake na lugha yake ya barua, wapate kuisikia kwa mtu asiyejua kutania.

"Haya, malizia," bibi akasema. "Andika: Mungu amlaze mahali pa..."

Mlango ulikuwa wazi. Aliingia kiranja wa darasa la tatu, msichana wa miaka tisa anayekaa nyumba ya nne, Jumapili hiyo amevaa sare ya shule iliyopigwa pasi. Nyuma yake mama yake alikuwa anakuja mbio, anampungia mkono arudi. Mtoto akavua viatu, akavipanga, akatazama viti vile vyote, akamtafuta kwa macho mtu asiyemwona.

"Shikamoo bibi. Darasa limenituma. Kesho Mwalimu akija asihangaike kuandika tarehe ubaoni. Nimeshaiandika mimi tangu Ijumaa."

Bibi akainua kile kidole, akafungua mdomo.