Mzee Bado na Gari Lisilorudi Nyuma

Marehemu, ambaye mitaa mitatu inamfahamu kwa jina la Mzee Bado, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne kati ya saba. Mama yake alisimulia kwamba alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona ametulia. Chai aliinywa akizunguka. Kiti chake cha sebuleni kilinunuliwa mwaka 1990, na mpaka leo kitambaa chake ni kipya.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza darasa la nane mwaka 1965. Mwaka huo wa mwisho aliifungua baiskeli ya mwalimu mkuu iliyokuwa ikilia, akaiunga tena kabla ya kengele ya mchana. Baiskeli ikanyamaza, ila mkononi mwake ikabaki nati moja.

"Na hiyo ni ya wapi?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Bado, mwalimu. Naitafutia kwao."

Jina likaanzia hapo. Baadaye wateja walidhani anaitwa hivyo kwa sababu kila ukimuuliza kama gari liko tayari, jibu lilikuwa lile lile. Hawakukosea sana.

Alianza kujifunza ufundi Januari 1966 katika gereji iliyokuwa nyuma ya soko la mbao, na tarehe 2 Mei 1981 akafungua yake, uani kwake. Magari ya siku hizi aliyaheshimu kwa mbali. Mapenzi yake yalikuwa kwa magari ya zamani, hasa yale yenye ovadraivu, kile kifaa kinachofungwa nyuma ya gia boksi ili gari likishika mwendo injini ipate kupumua. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, ovadraivu ikigoma kuachia, gari halirudishwi nyuma hata hatua moja, maana itajivunja yenyewe. La pili, gasketi, ile karatasi inayozibia maungio oili isivuje, haipakwi gundi. "Gundi ni ya seremala," alizoea kusema, na seremala jirani yake, aliye hapa leo, alizoea kumjibu kwamba ndiyo maana meza zake hazivuji oili.

Tarehe 7 Desemba 1974 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Wakitoka kufunga ndoa alisimamisha gari la maharusi, akaingia uvunguni kusikiliza mlio, na suti aliyovaa ameishona bibi harusi mwenyewe. Bibi harusi akashuka, akainama. "Wewe, nimeolewa nawe au na gari?"

"Nipe dakika mbili, mke wangu," sauti ikatoka chini.

Mama anasema dakika hizo zimechukua miaka hamsini. Walijaliwa watoto watatu. Wa pili, binti, ndiye aliyerithi spana, na ndiye anayeusoma wasifu huu.

Tarehe 6 Februari mwaka huu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Daktari akamwambia apumzike. Alimsikiliza kwa adabu, na mwezi Machi alikuwa uani akiikarabati ovadraivu ya gari lake la buluu, kwa mkono wake wa kushoto na miwili ya binti yake. Nyumba nzima ilijua anachotafuta. Alitaka kujua kama angali fundi.

Valvu ya ovadraivu, ile inayoipitishia na kuizuilia oili, alimkabidhi binti, aisafishe na kuifunga. Binti alimwona baba yake anavyohangaika kukaza bolti kwa mkono mmoja, akaogopa oili itavuja na mzee ataaibika. Mzee alipoingia ndani kumeza dawa, binti akaipaka gasketi ya valvu gundi kidogo, akafunga, akanyamaza.

Jumamosi tarehe 17 Mei walikwenda kulijaribu gari, binti akiwa kwenye usukani. Swichi ikabonyezwa, ovadraivu ikashika vizuri mno, mzee akaipiga dashibodi kofi la furaha. Swichi ikazimwa. Haikuachia. Na mbele yao barabara ilikuwa imechimbwa mtaro wa bomba.

"Rivasi usiguse!" mzee akafoka. "Wala asisukume mtu!"

Ikabidi seremala na vijana wake saba watoke, wainyanyue nyuma ya gari juu juu na kuligeuza kama kabati. Mtaa mzima ulicheka. Mzee naye alicheka, lakini siku ile hakula.

Mwezi uliofuata hakukaa. Walibadilisha ile sumaku ya umeme inayoivuta valvu, wakamwaga oili na kutia nyingine, wakaigonga ovadraivu kwa nyundo ya mbao. Kila walipoifikia valvu, mzee aliiruka. "Hiyo iache. Uliifunga wewe." Kosa alilitafuta katika kila kitu alichokigusa mwenyewe. Mwishowe akaagiza kibao cha gereji kishushwe.

"Mkono umeniaga, mwanangu. Nisije nikaua mtu."

Binti aliikumbuka gundi. Akajiambia ilikuwa kidogo tu.

Tarehe 15 Juni kiharusi kilirudi, mzee akalazwa. Jumatano tarehe 18 binti aliifungua valvu. Ndani yake kuna kitundu cha kupita sindano kwa shida, ambamo oili hutokea ili ovadraivu iachie. Kilikuwa kimezibwa na uzi wa gundi. Angeweza kukimbilia hospitali mchana ule ule. Alitaka kwanza afunge, ajaribu gari, aende na habari njema kando ya ile mbaya. Ovadraivu ikashika, ikaachia. Saa ya kuona wagonjwa ikawa imepita. Alhamisi tarehe 19 Juni, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mzee alifariki, akiamini kwamba mkono wake ndio uliokosea.

Basi na lisemwe hapa, mbele ya walionyanyua gari lile. Mkono wa mzee haukukosea. Kila bolti aliyoikaza ilikuwa sawasawa. Kosa ni la binti yake, linamuuma, na litaendelea kumuuma. Kibao kimerudishwa mahali pake jana. Na waliokuwa getini asubuhi hii wameliona gari la buluu lililomleta mama: limeingia kinyumenyume.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, nati moja ya baiskeli, na kiti ambacho hakukikalia.

Keti sasa, Mzee Bado, upumzike kwa amani. Gari liko tayari.