Karatasi Ndani ya Gauni la Mama Marthe

Firmin Mulonda alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1990, mtoto wa pekee wa Murielle. Murielle alifariki mwaka 1994, na mdogo wake, Marthe, akamchukua Firmin, akamlea pamoja na binti yake, Arlène. Katika ukoo huo mtoto haambiwi kwamba alizaliwa na mwingine. Walipofika Johannesburg mwaka 2003, Marthe alimwandikisha kama mtoto wa tumbo lake, cheti cha kuzaliwa akakificha.

Firmin alisoma Bellevue, mtaa wa Johannesburg, hadi darasa la kumi, na mwaka 2008 akaanza ushonaji Jeppestown. Nguo yake ya kwanza ilikuwa gauni la kanisani la Marthe, lenye mfuko wa siri ndani, kwa kuwa mama huyo aliogopa wezi hata ibadani. "Sasa hata pasta hakuibii," Firmin alimtania.

Hakujaliwa kuoa. Novemba 2016 alipatikana na uvimbe kichwani. Baada ya upasuaji hakuweza kujiamulia mambo yake, yakakabidhiwa kwa mlezi wa umma, afisa wa serikali anayesimamia wasiojiweza, aliyempeleka kwenye nyumba ya wagonjwa. Mwaka 2018 Marthe aliomba kumrudisha nyumbani. Kwa hofu ya kupungukiwa na hati alipeleka kila karatasi aliyokuwa nayo, na ofisi ya mlezi ikakuta mama wawili: Murielle kwenye cheti, Marthe kwenye usajili. Ikamwona mwongo, ikamkataza hata kumtembelea. Miezi tisa mlango wa nyumba ile haukumfungukia.

Tarehe 19 Februari 2019 baraza la mapitio liliketi kuupima uamuzi huo. Firmin aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Mwenyekiti akamuuliza Marthe kama ndiye aliyemzaa. Alikuwa ameapa, na mtoto alikuwa anasikia. Akashika pindo la gauni lile la kanisani.

"Sikumzaa. Ni wa marehemu dada yangu."

Hakuthubutu kumtazama. Firmin, ambaye maneno yalimtoka kwa shida, akasema:

"Mama, mfuko nilishona mimi. Uliponirudishia gauni nikupanulie, cheti kilikuwamo. Nilikisoma. Ni miaka mingi. Twende nyumbani."

Baraza lilifuta uamuzi wa mlezi, likamruhusu Marthe amrudishe nyumbani. Tarehe 26, Marthe alisimama nje ya nyumba ile tangu saa moja asubuhi. Mlinzi, Pitchou, alimwambia angemfungulia hata jana, ila simu ya ofisi haijaingia. Iliingia saa tano. Mlango ukafunguliwa.

Firmin alifariki Bellevue tarehe 2 Juni 2019, mkono wake ukiwa katika mkono wa Marthe. Ameacha mama yake, Marthe, na dada yake, Arlène. Bwana naye amfungulie, apumzike.